Maswali Yenu: Bunduki ya mzee na darubini ya zama zake

Mwezi huu nimepokea barua kadhaa za bunduki za zamani za kulengea shabaha, na moja imenigusa kiasi kwamba nimeipa nafasi kubwa kuliko kawaida. Wengine mnisamehe, nyie zenu nimezijibu kwa ufupi huko chini.

SWALI
Habari kaka, hongera kwa kazi. Nipo Ohio, Marekani, mwaka wa kumi na moja sasa na nimeoa huku huku. Baba mkwe wangu alifariki mwaka jana, Mungu amlaze pema, na katika vitu alivyoniachia mimi kwa jina langu kabisa ni bunduki yake ya shabaha, Winchester Model 52, risasi ndogo za .22, na namba yake inaishia na herufi B. Mama mkwe anasema zamani ilikuwa na darubini ndefu nyeusi imekaa juu kama bomba lakini waliiuza walipokwama hela. Sasa hivi imebaki na kilengeo cha chuma tu pale nyuma, kimeandikwa Lyman. Halafu juu ya mtutu naona vichwa vya skrubu ndogo nne, mbili karibu na mwanzo wa mtutu na mbili mbele yake, hazijashika kitu chochote. Niliipeleka kwa fundi mmoja wa bunduki akasema ataitoboa juu aweke reli ya kisasa na darubini mpya, eti ndiyo inayoona vizuri. Mke wangu hataki hata kusikia, anataka irudi kama ilivyokuwa kwa baba yake. Mi nimekulia Morogoro, bunduki nilikuwa naziona kwa askari tu, kwaiyo sijui hata nianzie wapi. Nitafute darubini gani na naifungaje? Naomba usinifiche kitu.
Mkwe wa mzee, Ohio

JIBU
Pole sana ndugu yangu kwa msiba, na mpe pole shemeji na mama. Kabla hujafanya chochote toa bolti, angalia chemba kwa macho na uingize kidole uhakikishe hamna risasi, hata kama una uhakika, hata kama umeangalia jana.

Sasa mke wako yuko sahihi na fundi hayuko sahihi. Usiitoboe. Hizo skrubu nne ulizoziona ndizo jibu la nusu ya swali lako, maana bunduki za aina hii zilikuwa zinatobolewa kiwandani kwa ajili ya darubini, na wakati darubini haipo yale matundu yanazibwa na viskrubu vifupi yasiingie uchafu. Yani mahali pa darubini pameshaandaliwa tangu bunduki inazaliwa, na darubini ya mzee ilikaa hapo hapo. Mtu akitoboa matundu mapya pembeni ya yale ya zamani ameharibu kitu ambacho hakirudi.

Hili nalisema kwa uchungu kwa sababu limenipata. Miaka ya nyuma niliwahi kuwa na bunduki ya shabaha nzuri sana ya zamani, nikashawishika vile vile, kipya kinyemi, nikamwachia fundi aitoboe aweke reli. Tundu moja lilienda upande. Nikiitazama kutoka nyuma naona reli imeelekea kushoto kidogo sana, unene wa ukucha tu, lakini darubini ilikuwa inaisha marekebisho kabla haijafika katikati ya shabaha. Nilikuja kuiondoa reli, nikaziba matundu, na kila ninapoishika kidole changu kinapita juu ya vile viraka na naumia upya. Wewe una nafasi ya kutoyapitia hayo.

Haya, tuje kwenye umri wa bunduki, maana darubini inafuata umri. Model 52 ilionyeshwa mara ya kwanza mwaka 1919 kwenye mashindano ya taifa ya Marekani, mwaka huo yalifanyika Caldwell, New Jersey, na ikaanza kuuzwa 1920. Baadaye mashindano yakarudi Camp Perry, hapo hapo kwenu Ohio pembeni ya ziwa Erie, na kwa miaka mingi ukifika pale kwenye mstari wa .22 ungekuta 52 zimepangana kama viatu mlangoni pa msikiti. Mwaka 1929 walibadilisha mfumo wa kufyatua ukawa wa haraka zaidi, halafu 1935 ikaja hii yenye herufi B. Kwahiyo bunduki ya mzee ni ya kuanzia katikati ya miaka ya 1930, na mlengaji wa wakati ule aliyekwenda dukani alikuwa na majina matatu makubwa ya darubini mbele yake.

La kwanza ni Fecker. Huyu John W. Fecker alikuwa Pittsburgh, alichukua kampuni ya Brashear mwaka 1926, kampuni iliyokuwa inatengeneza darubini za kuangalia nyota, kwahiyo unaelewa lenzi zake zilitoka kwenye mikono ya namna gani. La pili ni Unertl. John Unertl alikuwa fundi kwa Fecker, akatoka na kuanzisha ya kwake hapo hapo Pittsburgh miaka ya 1930, na darubini zake ndizo zilizokuja kuchukuliwa na wanamaji wa Marekani kwenye vita ya pili, ile ya kukuza mara 8. La tatu ni Lyman Targetspot, iliyotoka 1937, na hii kampuni ilikuwa Middlefield, Connecticut, jimbo moja na Winchester wenyewe waliokuwa New Haven.

Ukiniuliza mimi kwa bunduki yako nitasema Lyman Targetspot ya mara 8 au 10. Sababu ni kwamba kilengeo ulichonacho tayari ni cha Lyman, na mtu aliyenunua hicho uwezekano ni mkubwa aliendelea na nyumba ile ile. Hiyo si sheria lakini. Muulize mama mkwe kama kuna picha. Picha moja ya mzee amelala kifudifudi na bunduki inatosha, maana Lyman na Unertl vishikio vyao, yani vile vinavyolibeba bomba juu ya mtutu, vina umbo tofauti na mtu anayezijua anazitofautisha hata kwenye picha ya rangi ya moshi. Tafuta kwenye albamu, kwenye maboksi ya kule juu darini, hata kadi za shabaha za zamani anaweza kuwa aliandika nyuma yake alitumia nini.

Za kuepuka ni mbili. Ya kwanza ni Winchester A5, ni nyembamba na nzuri ila ni ya kizazi cha kabla, inafaa 52 za mwanzo kabisa. Ya pili ni Redfield 3200, ambayo ni ya miaka ya 1960 na marekebisho yake yako ndani ya bomba, hiyo ukiifunga kwenye 52B ni kama kumvisha babu suti ya mjukuu. Inafanya kazi vizuri tu ila siyo ulichoomba wewe.

Sasa hizi darubini za zamani zina tabia ambayo watu wa siku hizi hawaijui, na ukiielewa hii mengine yote yatakuja yenyewe. Darubini ya kisasa imefungwa imara kwenye bunduki na unapozungusha nobu kinachosogea ni vitu vya ndani. Hii ya zamani ndani hakuna kinachosogea. Linasogea bomba zima. Kishikio cha nyuma kina nobu mbili, moja juu na nyingine upande wa kulia, na kila nobu ina ncha ya chuma inayosukuma bomba, upande wa pili kuna springi inalirudisha bomba ligande kwenye zile ncha. Ukitaka risasi ipande unainua nyuma ya bomba, ukitaka iende kulia unasukuma nyuma ya bomba kulia. Basi.

Na hapa ndipo unapokuja umbali wa bloku. Bloku ni vile vipande viwili vya chuma vinavyofungwa juu ya mtutu kwa zile skrubu nne, pembeni vimechongwa mshazari ili vishikio vya darubini vikae na kubana. Umbali kutoka katikati ya bloku moja mpaka katikati ya nyingine uliozoeleka ni inchi 7.2. Watu wengi wanaisoma hiyo namba wanaipita, mi nilikaa na kalamu mpaka nikaielewa na tangu hapo naiheshimu sana. Kliki moja ya nobu inasogeza bomba nusu ya sehemu moja ya elfu ya inchi, yani inchi 0.0005. Yadi 100 ni inchi 3,600. Gawanya 3,600 kwa 7.2 unapata 500 kamili. Zidisha 500 kwa 0.0005 unapata 0.25. Maana yake kliki moja ni robo inchi kamili kwenye shabaha ya yadi 100, na kwa yadi 50 ni nusu ya hiyo. Mlengaji aliyelala chini na jua linamchoma hana haja ya kikokotoo, risasi ikipiga inchi moja chini kwa yadi 100 anapandisha kliki nne.

Ukifunga bloku kwa umbali wa inchi 10 hesabu inakuwa 0.18 na kichwa kinaanza kuuma. Kwahiyo chukua kalipa, pima kati ya matundu yako, katikati ya jozi ya nyuma mpaka katikati ya jozi ya mbele. Ikikupa 7.2 au karibu kabisa na hapo umebarikiwa. Ikikupa namba nyingine usiogope wala usitoboe, bado itafanya kazi, utaandika tu kwenye kikaratasi kliki yako ina thamani gani na ukibandike ndani ya boksi la risasi.

Jambo linalowaangusha wengi ni kimo cha bloku. Mtutu ni mnene nyuma na mwembamba mbele, kwahiyo bloku ya mbele inatakiwa kuwa ndefu kuliko ya nyuma ili vichwa vyake vilingane. Zidisha mwenyewe, ukikosea sehemu 20 za elfu ya inchi, ambayo ni unene wa karatasi chache tu, ukizidisha na ile 500 umeshatoka inchi 10 kwenye yadi 100. Kwahiyo usinunue bloku moja moja kwa kuokoteza. Nunua jozi iliyotengenezwa kwa Model 52, na umwambie muuzaji mtutu wako ni wa uzito wa kawaida au ni ule mzito, maana ilikuwepo yote na bloku zinatofautiana. Zipo za zamani na zipo zinazotengenezwa sasa kwa vipimo vile vile, hizi mpya mi sina shida nazo hata kidogo, kipande cha chuma cha inchi moja hakiondoi uhalisi wa bunduki.

Kuzitoa zile skrubu za kuziba ndio kazi inayotaka subira kuliko zote. Zimekaa humo miaka labda hamsini. Tafuta bisibisi ambayo mdomo wake unajaa ufa wa skrubu sawasawa, upana na unene, siyo ile ya jikoni iliyochongoka, maana hiyo itapanda na kuchana kichwa halafu unabaki unalia. Weka tone la mafuta ya kulegeza kutu, acha usiku mzima. Asubuhi kandamiza kwa uzito wa mwili huku unazungusha taratibu. Ikigoma gusisha ncha ya pasi ya kulehemu kwenye kichwa cha skrubu dakika moja, ule moto unaivunja ile gundi ya mafuta yaliyokauka, jaribu tena. Mi niliwahi kukaa na skrubu moja siku tatu, siku ya tatu ikatoka na kasauti kadogo kama mtu anapiga ulimi, na thredi zake zilikuwa safi kama mpya.

Ukishazitoa safisha matundu kwa kijiti na spiriti. Skrubu za bloku hizi kwa kawaida ni saizi ya 6-48, lakini peleka moja uliyoitoa ukalinganishe, usibahatishe. Halafu hili nakusihi lishike, urefu wa skrubu. Matundu haya hayapenyi mtutu, yana mwisho. Skrubu ikiwa ndefu itafika chini na kuanza kusukuma chuma cha mtutu kutoka nje, na wewe utadhani imekaza kumbe bloku bado inacheza na ndani ya mtutu umeanza kuweka kidonda. Izungushe kwanza bila bloku mpaka iguse chini, hesabu mizunguko. Kisha iweke na bloku, ikikaza kabla ya kufika idadi ile upo salama. Ikifika idadi ile bloku ikiwa bado haijabana, ikate kwa tupa.

Bloku zikishakaa, vishikio vinapanda juu yake na kila kimoja kina skrubu ya kuzungusha kwa vidole ambayo ncha yake inaingia kwenye kabonde kalikochongwa upande wa kulia wa bloku. Kaza kwa vidole tu. Usichukue koleo. Hiyo kabonde ndiyo inayofanya uweze kuitoa darubini na kuirudisha mahali pale pale, na ni raha kweli maana siku ukitaka kulenga kwa kilengeo cha chuma kama mzee unaiondoa darubini yote kwa nusu dakika. Kile kilengeo cha Lyman cha nyuma kama ni modeli inayoitwa 48 sehemu yake ya juu inachomoka ikupishe jicho, ichomoe uiweke kwenye kitambaa sehemu usiyoisahau, usiitupe kamwe.

Kulenga mara ya kwanza usianze na risasi. Laza bunduki kwenye mifuko ya mchanga, toa bolti, chungulia ndani ya mtutu kutokea nyuma mpaka uone duara jeusi la shabaha ya yadi 50 limekaa katikati ya mwanga wa mtutu. Usiitikise. Sasa chungulia darubini na zungusha nobu mpaka msalaba wa nyuzi unaouona ndani uje kwenye lile duara lile lile. Ukifyatua risasi ya kwanza baada ya hapo utakuta ipo kwenye karatasi, na kutoka hapo ni kuhesabu kliki.

Jicho linatakiwa kukaa karibu, kama inchi mbili tu kutoka lenzi ya nyuma. Lala vile utakavyolala kulenga, funga macho, weka shavu kwenye mti wa bunduki kwa starehe yako, fungua macho. Ukiona duara lina kivuli pembeni sogeza bomba mbele au nyuma kwenye vishikio mpaka kivuli kiishe. Na kama shavu linaelea kwa sababu darubini ipo juu, fungia ngozi au kitambaa kigumu juu ya kitako kwa kamba, usikwangue wala kukata mti. Mwisho kabisa tikisa kichwa juu chini taratibu huku unaangalia, msalaba ukionekana unatembea juu ya shabaha basi lenzi ya mbele haijakaa sawa kwa umbali huo, izungushe pete yake kidogo kidogo mpaka msalaba utulie kama umechorwa kwenye karatasi. Utafanya hivyo kwa 50, na utafanya tena kwa 100, maana ule mpango wa zamani wa mashindano unaoitwa Dewar ni risasi 20 kwa 50 na 20 kwa 100, alama 400, na nadhani mzee aliulenga mara nyingi tu.

Kwenye kununua nakupa moja tu, usinunue bomba lisilo na vishikio. Watu wanaona bei nzuri wanarukia halafu wanagundua vishikio pekee yake vinatafutwa kwa tochi. Kisha ielekeze darubini kwenye dirisha lenye mwanga, ukiona pembeni mwa lenzi rangi ya manjano inayotambaa kama chai iliyomwagika kwenye kitambaa, ile gundi ya kuunganisha lenzi imeanza kuachia, iache. Na usishangae kwamba haiangazi kama za leo. Zilizotengenezwa kabla ya vita nyingi hazina ule mpako wa rangi kwenye kioo. Kwenye mwanga wa asubuhi juu ya karatasi nyeupe na duara jeusi hutakosa kitu.

Nikiruhusiwa kuomba, siku ukiifunga mwite mke wako aichungulie wa kwanza.

SWALI
Kaka mi nipo Minnesota nina Winchester Model 70 ya shabaha ya .30-06 ya zamani, nimenunua na Unertl yake juu. Kila nikipiga risasi darubini inasogea mbele kama inchi nzima! Nimeogopa nikakaza vishikio lakini naona alama kwenye bomba. Je imekufa? Nimerudisha kwa aliyeniuzia anacheka tu.

JIBU
Haijakufa mdogo wangu, na legeza hivyo vishikio leo hii kabla hujaliumiza bomba zaidi. Inatakiwa isogee. Bunduki inaporuka nyuma kwa nguvu ya .30-06 darubini nzito na ndefu namna ile inabaki pale pale ilipo hewani, kwahiyo kwako wewe inaonekana imekwenda mbele. Waliotengeneza walifanya makusudi ili ule mshtuko usivunje lenzi wala msalaba. Ukiizuia kwa nguvu mshtuko wote unaingia kwenye zile skrubu ndogo za bloku, na zile zitakatika siku moja.

Unachotakiwa kufanya ni kuirudisha nyuma kwa mkono baada ya kila risasi, na kila mara irudi mpaka mwisho wake, mpaka ile pete ndogo iliyofungwa kwenye bomba ikatae. Isiporudi mahali pamoja jicho lako litakuwa sehemu tofauti kila risasi na utalaumu baruti bure. Nyingine zina springi inayozunguka bomba na kulirudisha lenyewe. Utaona pia kuna ukingo mwembamba wa chuma uliotembea kwa urefu wa bomba, ule unapita kwenye kanjia ndani ya kishikio cha mbele ili bomba liteleze bila kujizungusha, maana likijizungusha msalaba unalala upande. Upangusie kwa kitambaa chenye mafuta kidogo sana, kisha upanguse tena kwa kikavu. Mafuta mengi yanashika mchanga na mchanga ndio unaokwangua. Carlos Hathcock, mdunguaji maarufu wa wanamaji wa Marekani, kule Vietnam alitumia Model 70 na Unertl ya mara 8 ya aina hii hii, na yeye alikuwa anairudisha kwa mkono.

Huyo aliyekuuzia angekueleza, siyo kucheka.

SWALI
Salaam aleikum. Niko Leicester, Uingereza, asili yangu Mombasa. Klabu yetu imeniuzia BSA Martini, bunduki ya shabaha ya .22 ya Kiingereza, ile modeli ya 12/15, nina kibali cha polisi kila kitu sawa. Nataka kuiwekea darubini ya zamani ya Kimarekani kama Unertl iwe ya kipindi chake. Unanishauri nini ya ndugu yangu?

JIBU
Waaleikum salaam. Nakushauri uiache bila darubini, na nasema hivyo kwa kuipenda hiyo bunduki. Hii 12/15 imetoka 1938 hapo Birmingham, na mlengaji wa Uingereza wa wakati ule alilala kifudifudi yadi 25, 50 na 100 akichungulia katundu, kilengeo cha chuma cha nyuma na pete ya mbele. Hicho ndicho kipindi chake. Darubini juu ya mtutu ilikuwa mazoea ya Wamarekani, walikuwa na mashindano ya chuma tupu na mengine ya kilengeo chochote, ndiyo maana 52 zao zilitobolewa kiwandani. Ukiweka Unertl kwenye Martini utakuwa na vitu viwili vizuri vya zama moja ambavyo havikuwahi kukaa pamoja.

Hela ya Unertl itumie kutafuta kilengeo kizuri cha Parker-Hale, nao walikuwa Birmingham, chenye kliki ambazo bado unazisikia kwenye kidole, na pete za mbele za saizi tofauti tofauti. Pete ibakize mwanga mweupe wa kutosha kuzunguka duara jeusi, wageni wengi wanachagua pete ndogo mno na duara linaanza kuungana na pete macho yakichoka. Mkono wako ukishaizoea utashangaa 100 yadi unaziona bila kioo chochote.

SWALI
Nina Fecker ya babu wa jirani yangu hapa Toronto, aliniachia. Msalaba ndani umekatika uzi mmoja, unaning'inia. Naweza kufungua nibandike uzi mwingine? Nywele inafaa?

JIBU
Usifungue, na tafadhali usipulize ndani. Kwenye darubini nyingi za zamani huo uzi ni wa buibui kweli kweli, walitumia hivyo hivyo wapima ardhi na watu wa nyota, kwa sababu ni mwembamba sana na unanyooka wenyewe. Nywele ni nene mno, ukiiangalia kupitia lenzi itaonekana kama kamba ya meli na itafunika duara lote la yadi 100. Pumzi yako tu inatosha kuukata na ule uliobaki. Iweke imesimama kwenye soksi safi, lenzi ya mbele ikiwa chini, na utafute fundi anayetengeneza darubini za zamani, siyo duka la bunduki la kawaida. Mwambie kabla hajaigusa kwamba unataka msalaba mwembamba kama wa mwanzo, la sivyo atakuwekea waya mnene wa kuwindia kulungu.